Mikunjo Mitatu au Minne

Siku ya kwanza tu tulipoingia kwenye lile duka la vipuri, nilishajua ninachotaka. Kifuniko cha alumini, cheusi, mikunjo mitatu, kimelala juu ya bodi ya pikapu kama kimezaliwa nayo. Ningelipa nikaenda zangu. Lakini nilikuwa nimesindikizwa na Mwalimu, na Mwalimu alipouliza, "Umeridhika, Madam, au tuendelee kulinganisha?" mdomo ukajibu kabla sijaushauri: "Tuendelee!"

Mimi huoka keki hapa mjini Kakamega. Nilikuwa nimenunua pikapu kuukuu ya kuzisambazia, na nyuma nilifunika kwa turubai. Wueh! Mvua ya huku huripoti kazini kila alasiri bila kukosa. Jumamosi moja njiani kwenda Butali, nimekwama nyuma ya trekta la miwa, turubai likajaa maji katikati, likashuka taratibu mpaka likakalia boksi la keki ya harusi. Bibi harusi alipewa kisu akate, alichohitaji ni kijiko. Kwa hiyo kifuniko kigumu nilikihitaji kweli, hapo sikumdanganya mtu.

Mwalimu alikuwa jirani yangu. Alifundisha kazi za chuma kwenye chuo cha ufundi, hakuwa na mke, na alikuwa na mikono mikubwa ambayo aliiosha kila mara kabla ya kugusa mlango wangu. Kwake alumini ni arumini na lori ni rori, kama wengi wetu huku. Humu nimemsahihishia ili asomeke. Nami nilikuwa nimevuka arobaini, sijaolewa, na shangazi zangu walikuwa wamechoka hata kuuliza. Nilimpenda yule mtu mpaka naunguza keki nikimsikia akipiga mluzi ng'ambo ya ukuta. Shida ilikuwa yeye. Ananitaka mimi, au anapenda vifuniko tu?

Maana vifuniko alivipenda, jamani! Tulikwenda duka hili, tukaenda gereji ile, tukarudi duka la kwanza. Alipima kwa futi, akabisha hodi juu ya kila kipande kama daktari na kifua cha mgonjwa. Cha alumini ni chepesi, akasema, na kufuli zake ziko ndani, lakini ukikikunja, kipande cha mwisho kinabaki kimefunika sehemu ya mbele ya bodi. Cha faiba kina mikunjo minne na kinasimama chote wima nyuma ya kebini, bodi inabaki wazi kabisa, ila ni kizito na kinakuziba kioo cha nyuma. Alinieleza habari ya mpira wa kuzuia maji kwa sauti ya chini, ya upole, nikamwomba anieleze tena. Mpira wa kuzuia maji! Nilikuwa nimepotea kabisa.

Kila alipokaribia uamuzi nilimtupia swali jipya. Je, vumbi la Shinyalu litapenya? Je, jua? Je, kuku wakipanda juu? Kila swali lilinipatia Jumamosi nyingine naye, na chai ya kituoni baadaye, na yeye akinisogezea sahani ya mahamri. Sikuona haya hata kidogo.

Mama mwenye duka ndiye aliyechoka. "Nyinyi mnakujanga hapa kila wiki," akasema, "mnapapasa vitu vyangu, mnaenda. Leo hakuna kutoka. Mwalimu, jaribisha kwa gari, umwage maji, tuone."

Basi tukakiweka kile cha alumini juu ya pikapu, nje ya duka, nikamwaga ndoo nzima. Tone halikuingia ndani. Kilichobaki ni paipu nyembamba ya kutoa maji yanayokusanyika pembeni, na Mwalimu akalala chali chini ya gari kutafuta pa kuipitishia. Alikaa huko muda, miguu tu ndiyo inaonekana. Mama mwenye duka alikuwa ameingia ndani kupokea simu. Ghafla Mwalimu akapaza sauti, na hili naliandika kama alivyolitamka:

"Madam! Nimepata mahari! Nimepata mahari, njoo uone!"

Mimi nilijua ni mahali. Mahali pa paipu! Lakini mama alitoka mbio, simu mkononi, akapiga kigelegele kilichowatoa watu duka la rangi, duka la matairi na kinyozi mwenye mteja aliyenyolewa nusu. "Ai, Mwalimu! Kumbe ulikuwa unatafuta mahari wakati huu wote, nasi tunakusema!" Akanikumbatia, akanizungusha, mtu akaanza kupiga makofi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na katikati ya kicheko hofu ikaniingia. Mtu huyu akitoka huko chini akasema alimaanisha mahali, basi imekwisha, nitabaki na kifuniko. Nilimwomba Mungu amfunge ulimi.

Miguu ikatulia. Kisha akajivuta nje, oili kwenye shavu, akainuka, akautazama ule umati. Akajifuta mikono kwa kipande cha gunia, kidole kwa kidole. Hakunitazama mimi. Alimgeukia mama mwenye duka, akauliza kwa sauti yake ya darasani:

"Mama, hebu nisaidie. Hiki cha mikunjo mitatu, kikikunjwa mpaka mwisho, ng'ombe anaweza kusimama hapo nyuma?"

"Ng'ombe? Hawezi. Si kuna kipande kinabaki juu? Atagonga kichwa."

"Na cha minne?"

Sasa akanitazama. Masikio yake yalikuwa yanatetemeka, naapa. Mama akafungua mdomo ajibu, nikamuwahi.

"Anasimama, Mwalimu," nikasema. "Hata wawili. Funga hicho cha minne."