Kadi ya Picha Iliyovuka Ziwa

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, siku ya Jumatatu, nilikaza skrubu ya mwisho nyuma ya kompyuta yangu na kubonyeza kitufe cha kuwasha. Ndani yake mlikuwa na kadi mpya ya picha, kifaa kinachochora yote yanayoonekana kwenye kioo. Mpya kwangu, maana ilikwisha kutumika Uganda kabla ya kuuzwa. Mashine yenyewe ni ya zamani, mojawapo ya zile nyeusi ambazo maofisi huziondoa zikichoka. Niliinunua kwa ajili ya kupigia barua za watu katika kibanda changu cha uandishi hapa Rwambuzi. Nilipopata nyingine ya kazi, hii nikaileta nyumbani.

Ufundi sikuusomea. Niliacha shule kabla ya diploma, na yote ninayojua kuhusu kompyuta niliyapata kwa kufungua, kuharibu, kurudishia, na kuandika kila hatua katika daftari la miraba. Ninayo madaftari tisa. Mchezo ninaoucheza ni mmoja tu, wa kuendesha lori la mizigo. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa barabara ya Kasenyi, naye alitaka nimfuate, lakini macho yangu hayakuruhusu. Kwenye kioo cha kompyuta macho yangu yanatosha.

Kadi hiyo aliniletea mama mmoja mfanyabiashara, jirani yetu, ambaye familia yake ilihamia hapa kutoka Butembo. Kila juma hushuka Kasenyi, huvuka ziwa na samaki wa chumvi, kisha hurudi na vitu ambavyo watu wamemwagiza. Mambo ya kompyuta hayajui, kwa hiyo nilimwandikia maswali matano kwenye karatasi amsomee muuzaji. Swali la tatu lilidai kadi iwashwe mbele yake kabla ya kulipa. Alifanya hivyo, akanitumia na video: picha inatokea kwenye kioo, na kidole chake kinaionyesha.

Kwetu kuna desturi isiyoandikwa popote. Mtu aliyekuvushia kitu, kikikataa kufanya kazi, hukurudishia fedha yako siku ileile kutoka mtaji wake. Baadaye yeye ndiye anayehangaika na muuzaji ng'ambo. Muuzaji wa kadi alikuwa amempa siku saba, na Alhamisi asubuhi mama huyo angeshuka tena Kasenyi. Ilinibidi kusema kabla ya Jumatano usiku kama kadi ni nzima au ni mbovu.

Nilifungua mchezo. Kwenye pembe ya kioo nimeweka namba inayohesabu picha ngapi zinachorwa kwa sekunde. Kabla ya kadi, namba hiyo ilikuwa kumi na tisa, na lori lilikwenda kwa kushtukashtuka. Kwa niliyoyasoma, nilitarajia hamsini, hata sitini. Lori liliingia mjini, na namba ikasimama kwenye ishirini na tatu.

Jirani yangu fundi wa simu alikuwa ameketi karibu yangu. Alikuja makusudi kuona ajabu.

"Vieux, muzee wangu, hii lori yako ilikunywa nini? Iko inatembea kama mutu wa kulewa."

"Ngoja ipate joto."

"Joto ya nini? Balikuibia! Kule ng'ambo banapangusa kadi ya kufa, banaitia mu kikartoni ya muzuri. Na ule mama yako, weye unazani anajua kadi? Anajua samaki ya chumvi tu. Murudishie, akupe franga yako, ununue mashine muzima."

Alipotoka nilianza kuing'oa kadi. Nakiri kwamba kwa muda wa saa moja hivi niliamini maneno yake. Mke wangu alikuwa mlangoni, akichambua maharagwe.

"Ukimurudishia, atakulipa leo hii, unamujua," akasema. "Halafu atashuka Kasenyi na mikono mitupu. Weye mutu unapimaka hata maji ya bugali, leo unashindwa kupima hii kintu?"

Nikairudisha kadi mahali pake na kufungua daftari la tisa.

Jumanne nilifunga kibanda mapema. Nilichagua kipande kimoja cha barabara katika mchezo, kutoka kituo cha mafuta hadi daraja, nikakipita mara tano, bila mvua, mchana, na mzigo uleule. Ishirini na tatu, ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na tatu, ishirini na nne. Kisha nilipunguza ukubwa wa picha hadi nusu, nikapita tena. Kadi iliyochoka ingepumua hapo, kwa sababu kazi yake ilikuwa imepungua sana. Lakini namba ilibaki ishirini na nne. Nilipunguza zaidi, hadi lori likaonekana kama sanduku la kiberiti. Ishirini na nne tena.

Niliweka kalamu chini. Kama kuipunguzia kadi kazi hakubadilishi kitu, basi si kadi iliyokuwa ikichelewesha. Kadi ilikuwa inangoja. Niliangalia kipimo cha matumizi yake: ilifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake, mithili ya mpishi hodari anayeletewa kuni kijiti kimoja kimoja. Mleta kuni katika kompyuta ni prosesa, ile inayofanya hesabu zote kabla kadi haijachora.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, niliifuatilia prosesa. Kwanza nilisafisha vumbi jekundu lililoziba pepeo lake, nikapaka mafuta mapya ya kupitishia joto. Joto lilishuka kwa digrii kumi na moja, lakini picha zilibaki ishirini na nne. Ndipo nilipoangalia mwendo wake. Karatasi ya kiwanda inasema prosesa hii hufikia gigahezi 3.2. Mbele yangu ilikuwa kwenye 1.6, na hata lori lilipoingia katikati ya mji haikusogea. Kitu kilichochoka hupanda na kushuka. Kinachosimama pale pale, tena kwenye nusu kamili, kimefungwa na mtu.

Niliingia katika mipangilio ya umeme ya mashine, ukurasa ambao watu wachache huufungua. Mstari ulisomeka: nguvu ya juu ya prosesa, asilimia hamsini.

Nilijua mara moja ni nani aliyeandika namba hiyo. Nilitoa daftari la nne, na baada ya kurasa chache nikaupata mwandiko wangu: "Nimeifunga nusu. Betri inafika jioni."

Wakati ule barabara yetu haikuwa na waya wa umeme. Tulikuwa na paneli moja ya jua na betri ya gari, na kila mwenye kompyuta mtaani aliifunga nusu ili barua ziishe kabla ya betri kuisha. Nilizifunga za wengine pia, waliponiletea. Kisha umeme ukafika, tukauza betri, na hakuna aliyekumbuka kuzifungua. Barua haihitaji zaidi ya nusu. Lori linahitaji.

Niliandika mia moja mahali pa hamsini. Pepeo likaanza kuunguruma kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Nilipita kutoka kituo cha mafuta hadi daraja mara tano. Arobaini na sita, arobaini na saba, arobaini na saba, arobaini na sita, arobaini na nane. Sitini haikufika, na haitafika, kwa sababu prosesa ni ya zamani. Lakini lori lilipinda kona kama lori. Mke wangu alikuja kutazama, akasimama hadi nilipovuka daraja.

"Baba yako angepiga honi hapo," akasema.

Nikapiga honi. Sina cheti hata kimoja ukutani, na siku ile sikukihitaji.

Saa kumi na moja jioni nilikwenda kwa yule mama. Alikuwa uani, anafunga magunia.

"Papa, ile kintu inatembea?"

"Inatembea vizuri, mama. Kosa lilikuwa langu." Nikamweleza kuhusu nusu na betri.

Alicheka hadi akaketi juu ya gunia. "Yaani weye ulifunga mbuzi na kamba, halafu unauliza kwa nini haiendi kula majani! Na mie ulinizania mwizi?"

"Kwa muda wa saa moja tu, mama. Jumatatu."

"Saa moja ni mingi, papa."

Kisha akaacha kucheka, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake. Fundi wa simu, akasema, alipita hapo jana na kumwambia ajitayarishe, kadi inarudi. Kwa hiyo alikuwa ametenga bei yake kutoka fedha ya samaki wa safari ya kesho, amekaa akiningoja nije kuichukua. Alizirudisha noti kwenye pochi ya biashara, moja moja, mbele yangu: dola themanini na tano.