Mwambie Baba Yako

Huko mashambani Kaimu hakuwa na mpinzani kwa maneno. Hata mashine ya kupulizia salfa ikiwa mgongoni, injini inanguruma, yeye alipaza sauti juu yake akipiga soga, na wenzake wakacheka mpaka wakaruka mikorosho bila kuipuliza. Lakini akishatia mguu uani kwake, pale kijijini Mtua, mdomo ulifungwa kabisa.

Sababu ilikuwa mama mkwe. Kaimu ni mtu wa Ruangwa. Alikuja Nachingwea kupuliza mikorosho ya watu, akampenda Saada, akamwoa, na kwa desturi ya wakwe zake akajenga kwao mke. Nyumba yake na ya Bi Safina, mama yake Saada, zilitazamana kwenye ua mmoja. Naye Kaimu alilelewa kwamba mkwe hapayuki mbele ya mama mkwe. Atasalimia macho yakiwa chini, basi. Bi Safina naye alikuwa na haya zile zile. Kaimu akiingia, yeye aligeukia ukutani na ungo wake. Watu walimsifu kijana, wakasema ana adabu, na kweli alikuwa nayo.

Kumbe binti yake mchanga, Sabaha, hajui mambo ya ukwe.

Msimu wa salfa ulianza wakati Sabaha anajifunza kusimama kwa kushikilia vitu. Kaimu aliswali alfajiri akatoka, maana ule unga wa njano wa dawa hutakiwa upulizwe umande ungali kwenye majani, ndipo ushike. Jua likipanda alirudi amejifunga kitambaa usoni, miwani machoni, mwili mzima umegeuka njano. Akapita uani kimya kwenda kuoga. Mtoto aliona dude la njano lisilo na uso wala sauti linapita, akapiga ukelele na kujificha kwenye kanga ya bibi yake.

Kaimu hakutia maanani. Alijua akishaoga mtoto atamtambua. Lakini hata akishaoga alikaa kimya vile vile, bibi yupo hapo, na mtoto alimtazama kama mgeni aliyekuja kuuliza njia.

Ijumaa moja, ametoka msikitini na kanzu yake safi, alikuta majirani wamekuja kumsalimu Bi Safina. Akanyoosha mikono ampokee mwanawe. Sabaha alijipinda mgongo, akalia mpaka sauti ikakauka.

"Ee, baba Sabaha!" jirani mmoja akasema. "Mwanao anakuogopa kama sindano ya kliniki!"

Wakacheka. Kaimu akacheka nao, akarudisha mikono yake, asijue aiweke wapi.

Jioni alimfuata Saada jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Yule mwenzangu Masoudi anakwenda kupuliza kule Marambo, watalala huko mpaka msimu uishe. Nakwenda naye."

"Na Sabaha?"

"Sabaha ana wewe, ana bibi yake. Mimi akiniona analia. Siku akianza kusema atasema mama, atasema bibi. Mimi ataniitaje, mama Sabaha, na hanijui?"

Saada akainamia sufuria. Alikoroga tu ugali, macho yanamchoma, akasingizia moshi.

Ukuta wa jiko ulikuwa wa mabua, na nyuma yake Bi Safina alikuwa anachambua kunde. Hakukusudia kusikiliza, lakini alisikia yote. Siku zote alidhani mkwewe ni mtu asiye na maneno, na kwamba kilio cha mtoto ni utoto tu. Sasa alielewa kwamba heshima yao wawili ndiyo iliyomnyima mtoto sauti ya baba yake. Usiku ule alipomaliza kuswali alikaa sana kwenye mswala akimwomba Mungu amwonyeshe njia isiyovunja adabu.

Asubuhi Kaimu aliporudi na unjano wake, Bi Safina hakugeukia ukutani. Alimpakata Sabaha, akamgeuza aelekee njiani, naye akimtazama mtoto peke yake akasema kwa sauti ya kusikika:

"Sabaha, mwambie baba yako tunashukuru amerudi salama. Mwambie maji yake yako bafuni. Mwambie ashushe hicho kitambaa, wenzake tumwone uso."

Kaimu akasimama. Kumjibu mama mkwe hawezi, na kunyamaza ni dharau. Halafu akaona: neno limepitia kwa mtoto, basi nalo jibu litapita huko huko. Akavua miwani, akashusha kitambaa. Pua na mdomo vikatokea katikati ya unjano.

"Sabaha, mwambie bibi yako nimesikia. Ahsante."

Mtoto, aliyekuwa ameshafungua mdomo alie, akasahau kulia. Akakodoa macho.

"Mwambie baba yako uji upo."

"Mwambie bibi yako leo nina njaa ya kutafuna na sufuria."

Bi Safina akajifunika kanga usoni. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko.

Basi ikawa ndivyo. Habari zote za mashambani, mizaha yote, Kaimu alimpa Sabaha ampelekee bibi, na bibi akajibu kwa njia ile ile. Mtoto alikaa katikati, shingo inageuka huku na huku kama hakimu wa baraza. Masoudi alipokuja kumpitia kwa safari ya Marambo, Kaimu alimwambia, "Tangulia. Huku nina mazungumzo hayajaisha."

"Na nani? Na kitoto kisichosema?"

"Huyo huyo."

Siku za mwisho za salfa, asubuhi moja, Kaimu alikuwa bado barabarani, anasikika anataniana na watu, hajaonekana. Sabaha akaacha alichokuwa akichezea. Akasimama bila kushika kitu, akayumba, akaenda.

"Baba! Baba!"

Saada akaweka ndoo chini. Kaimu aliyekuwa anaingia uani akarudi nyuma, mikono juu. "Subiri, mama, subiri! Baba ana dawa mwilini!" Akakimbilia bafuni.

Sabaha akakaa mlangoni pa bafu, akalia kwa uchungu.

"Nakuja, mama, nakuja!" sauti ilitoka ndani pamoja na mmwagiko wa maji.

Saada alitaka kwenda kumwinua, Bi Safina akamshika mkono.

"Mwache," akasema. "Anamlilia baba yake."