Ukurasa wa Asali

Kuna Jumamosi moja ya siku za Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Kaa nikusimulie, maana inakuhusu wewe unayesema lugha ya kwetu ni ya wazee wa msituni.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mpanga chapa, yaani wa kupanga herufi moja moja kabla ya kuchapa, katika duka la chapa la Muhindi mmoja pale River Road mjini. Sioni haya kujisifu: mimi wa darasa la tatu nilisoma zile herufi za madini ya risasi zikiwa kichwa chini, upesi kuliko makarani waliovaa tai. Hata nyumba hii ya Mountain View, mnayoingia na viatu vyenye matope, ilianzia kwenye vidole hivi.

Siku zile alikuwapo Mzee Naibei, mtu wa kwetu, wa juu kabisa Mlima Elgon, ambako watu waliishi kwa kutundika mizinga ya nyuki msituni. Alitunza bustani ya Mzungu huko Westlands na kulala Kangemi. Kusoma alijifunza kanisani, tayari ana mvi. Kule nyumbani shule ilikuwa moja tu, ya udongo, na watoto wetu walisomeshwa kwa lugha za majirani. Mtoto alikaa mwaka mzima akirudia maneno asiyoyaelewa, kisha akaacha, akarudi kuchunga. Basi Mzee Naibei, kila akimaliza kumwagilia maua ya watu, aliandika. Aliandika miaka miwili, madaftari matatu, hadi akapata kitabu cha watoto kujifunzia kusoma katika lugha yetu, ambayo mimi sikuwahi kuiona kwenye karatasi.

Ni mimi niliyemwombea kwa tajiri wangu, yule Muhindi. Alikubali kutupa karatasi za mabaki, na mashine Jumamosi mchana duka likifungwa. Lakini aliogopa. Wakati ule karatasi yenye lugha isiyojulikana iliweza kuleta polisi mlangoni.

"Wewe najua hii maneno yote?" aliniuliza.

"Yote, Bwana. Nimezaliwa nayo."

Uongo mtupu. Nilishuka mlimani nikiwa na miaka minane, na mji ulikuwa umeshajaza kichwa changu mambo mengine.

Sasa sikiliza. Herufi zile zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, nacho hakina haja kubwa na k. Lugha yetu ni k kila mahali. Nilipofika ukurasa wa mwisho, ukurasa wa asali, kisanduku cha k kilikuwa kitupu. Kazi ya haki ilikuwa kuchapa kurasa za kwanza, kuzisafisha herufi zake, kuzibomoa, kurudisha kila moja kwenye kisanduku chake, halafu kuendelea. Ni kazi ya saa nyingi. Na saa kumi kulikuwa na dansi Kaloleni, na mimi nina suruali mpya.

Mzee alikuwa ameandika asali sita, kila moja na jina lake. Mbili tu ndizo nilizozijua. Nikachukua lile jina fupi, lisilo na k, nikalirudia mara sita. Nikawahi dansi.

Jumamosi iliyofuata, vitabu vimekwisha kuchapwa na kushonwa, Mzee alikuja kuvichukua. Jumatatu mpwa wake alikuwa anapanda gari la moshi kwenda Kitale, avipeleke shuleni. Alisoma amesimama mlangoni, kofia mkononi, anatabasamu kama mtu aliyepata mjukuu. Kisha tabasamu likakatika.

"Asali zangu ziko wapi?"

"Si hizo hapo, Mzee?"

"Niliandika sita. Hapa naona moja imesimama mara sita."

"Ah, Mzee, asali ni asali bwana! Hata Ngara inauzwa kwenye chupa, hakuna anayeiuliza jina."

Hakucheka. "Ile nyeupe tunayompaka mtoto mchanga mdomoni, inaitwaje?"

Nikajifanya napanga karatasi.

"Na ile inayochoma koo, tunayowaachia nyuki wenyewe?"

Nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Kumbe hujui. Si kosa, kijana, ulitoka mdogo. Lakini mimi nipo Kangemi hapa, mwendo wa miguu. Mbona hukuniuliza?"

"Herufi zilikwisha, Mzee."

"Herufi zilikwisha, ukaona upunguze lugha?"

Mwanangu, nimetukanwa na askari, nimetukanwa na matajiri. Hakuna aliyenipata kama yule. Akaendelea kwa sauti ya chini: "Mtoto atasoma hivi. Kisha nyanya yake atamwambia, usiguse hiyo, inachoma. Naye atasema, nyanya hajui, kitabu kimesema ni moja. Mimi niliandika ili wamsikie nyanya yao. Wewe umechapa ili wamcheke."

Nilikwenda kwa tajiri, nyumbani kwake Ngara, nikaungama kwamba nilidanganya. Alifoka mpaka majirani wakatoka, kisha akanipa ufunguo. Jumapili, baada ya kanisa, Mzee alikuja, nami nilikuwa nimeshazibomoa kurasa za kwanza, kisanduku cha k kimejaa tena. Hakuniruhusu kupanga neno kabla sijalitamka. Kila jina alinieleza: ua gani, urefu gani wa mlima, rangi gani. Kwenye jina la nne nikasikia puani moshi wa mzinga, ule uliokuwa kwenye shuka ya baba yangu. Macho yakaniwasha. Nikasingizia wino. Tulichapa ukurasa mpya, tukaubandika juu ya ule mbovu kwa gundi ya unga wa ngano, kitabu hadi kitabu, na Jumatatu mzigo ukaondoka.

Miaka ikapita. Mzee Naibei alishafariki, na mimi nina duka langu mwenyewe la chapa, mashine tatu. Nikapanda mlima na lori la madaftari na chaki, nimevaa suti, nipokewe kama waziri. Darasani nikakuta kitabu kile, kimechakaa. Msichana mdogo akainua ukurasa wa asali dirishani, kwenye mwanga.

"Tazama, baba. Chini kuna ukurasa mwingine. Mwalimu anasema ni wa mtu aliyekuwa na haraka."

Sikumwambia ni mimi. Mimi, ninayejitaja hata nisipoulizwa!

Kwa hiyo nakuambia: usichokijua cha kwenu, kiulize, na uulize wakati mwenye kukijua bado anapumua. Ukijaliwa mashine, kalamu au cheo, usiwapunguzie watoto wa mbali kitu kwa sababu wewe una dansi. Majina yale sita sitayataja leo. Njoo Jumapili, uje na daftari, uyasikie kwa mdomo wangu, halafu uyapeleke kwa wanao.

Mungu akujalie sikio lenye subira na mkono usio na haraka, na watoto wako wasipate ukurasa wako wa kuinua kwenye mwanga.