Saa ya Gari la Baba

Fundi wa kwanza aliipaka gundi. Nilimwachia saa ya gari la baba asubuhi, nikamweleza kwamba inasimama na kutembea inavyotaka yenyewe, nikarudi jioni nikakuta ameizungushia supaglu ukingoni kama mtu anayeziba ufa wa ndoo. Nikamuuliza ndani ameona ugonjwa gani. Akaniambia, "Mshikaji, ndani sijafungua. Ila sasa haichezi tena." Nilimtukana mbele ya wateja wake. Sijivunii matusi yale, lakini siyajutii pia.

Sikuwa na siku za kuchezewa. Jumamosi ya wiki ile tulikuwa na misa ya mwaka mmoja tangu baba afariki, nyumbani Kaengesa, na baada ya misa ukoo ungekaa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alishamtangazia kila mwenye masikio kwamba siku hiyo mama atajibu. Ajibu kwa nini alimkalisha mumewe mgonjwa nyumbani zaidi ya saa nzima huku gari liko uani. Na ushahidi wote wa shangazi ulitoka kwenye hiyo saa. Kibaya zaidi, ulipita kinywani mwangu.

Gari lenyewe baba alilinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao, enzi hizo mimi bado navaa kaptula. Ni refu, la kijani, na baba alilipenda kuliko alivyotupenda sisi, na hapo sitanii. Macho yake yalipoanza kufifia akanikabidhi, nikakaa nalo Sumbawanga mjini ambako nina duka la mabati, rangi na misumari. Alinipa masharti mawili tu: oili ibadilishwe kwa wakati, na saa ya kwenye dashibodi niisawazishe kila asubuhi kwa redio, kama alivyofanya yeye. Saa ilikuwa na tabia ya kusimama. Ukiigonga kwa kiganja, inaendelea. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo, na hilo linaniudhi mpaka leo, kwamba ukoo mzima wa watu wenye akili zao uliishi na saa ya kupigwa makofi miaka yote ile na kuona ni sawa.

Siku baba alipougua, mama alinipigia saa mbili kamili asubuhi. Hilo halina ubishi, simu ilitunza. Ilikuwa Juni, baridi ya kwetu ile ya kukatisha vidole, na mama akasema baba kifua kimembana na anatoka jasho, njoo na gari. Nikamjibu nipo njiani. Hakurudia kupiga. Nilipokaa kwenye usukani nikaigonga saa kama kawaida, ikaanza kutembea, nikaitazama: saa mbili na robo. Namba ile niliishika kichwani njia nzima. Simu niliisahau dukani kwenye chaji, kwa hiyo sikuwa na saa nyingine.

Kutoka mjini mpaka nyumbani ni mwendo wa saa moja kwa gari la umri ule, na kurudi saa moja nyingine. Kumpakia baba hakukuzidi robo saa. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama. Alikata roho tukiwa tumeanza kuyaona mabati ya mji. Shangazi anaishi huko huko mjini, alikuwa anatusubiri kwenye geti la hospitali, na shangazi hasahau kitu. Tuliingia saa tano na nusu.

Msibani watu waliniuliza ilikuwaje, nami nikajibu kwa kifua mbele: simu saa mbili, robo saa baadaye niko barabarani. Nilitaka wajue mimi ni mtoto wa namna gani. Shangazi alinyamaza siku zote za matanga, kumbe anapiga hesabu. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Niliondoka mjini mbili na robo, basi nyumbani nilifika tatu na robo. Hospitali tuliingia tano na nusu, basi nyumbani tulitoka nne na nusu. Hapo katikati wifi yake alikuwa anafanya nini?

"Alikuwa anachagua kitenge," aliwaambia watu. "Ndugu yangu anakufa, yeye yuko kwenye sanduku anachagua kitenge."

Nikamwambia tulipakia haraka, nilikuwepo. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo ilinitia hasira zaidi. "Mwanangu, ulikuwa na kiwewe. Mwenye kiwewe hajui muda. Saa ndiyo inajua." Mama alikuwa amekaa pale pale, anachambua maharage, hakuinua hata uso. Nikamkasirikia na yeye. Mwaka mzima mawifi walimpita kanisani bila salamu, shamba lake la ulezi halikupata mtu wa kumsaidia kuvuna, na yeye kimya, kama mwenye hatia. Zaidi ya mara moja nilimfokea, "Mama, jitetee!" Jibu lake lilikuwa moja: "Umekula?"

Nikaamua kumtetea mimi. Mpango wangu ulikuwa nipate fundi atakayesema saa ile ina wazimu, inaruka mbele, inarudi nyuma, hakuna wa kumhukumu binadamu kwa saa kama hiyo. Hesabu ya shangazi ingekufa kifo cha mende.

Fundi wa pili alikuwa mzee anayetengeneza saa za mkononi kwenye baraza ya duka la vitenge, karibu na soko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Kukwangua gundi ya yule mpumbavu kulimchukua karibu asubuhi nzima, na kila kipande kilichobanduka aliguna. Hatimaye akaifungua, akabana kioo chake jichoni, akaniita nisogee. Kulikuwa na springi ndogo na vidole viwili vya chuma. Kila baada ya muda vidole vile vinagusana, umeme unapita, springi inajivuta upya. Vilikuwa vimeungua vyeusi. Visipogusana vizuri springi inaishiwa nguvu, saa inasimama mpaka itikiswe.

"Kwa hiyo inaweza kukimbia?" nikamuuliza. "Iende mbele ya wakati?"

"Ikimbie kwa nguvu ya nani? Inasimama tu. Ukiigonga, inaanzia pale pale ilipoachia."

"Lakini kuna siku inaruka mbele."

"Umeiona kwa macho yako?"

Sikuwahi kuiona.

"Bwana mdogo, saa hii ukiisawazisha asubuhi, mchana itakuwa sawa au itakuwa nyuma. Mbele, hapana." Akachukua kipande cha msasa laini, akaanza kuvisugua vile vidole.

Nilibaki nimesimama kwenye baraza ya watu. Asubuhi ile baba alipougua niliisawazisha kwa redio kama siku zote. Kuigonga ikatembea maana yake ilikuwa imesimama. Tangu lini? Nikaanza kurudisha nyuma kutoka saa tano na nusu: saa moja ya kurudi, robo ya kupakia, saa moja ya kwenda. Nikatua kwenye saa tatu na robo. Nikarudia kwa vidole, ikawa ile ile. Niliondoka mjini saa tatu na robo. Mama alikuwa amepiga saa mbili.

Nilimwambia yule mzee hajui kazi. Nilimwambia kwa sauti, na muuza vitenge akatoka kuchungulia. Mzee akasema nimlipe nikiridhika, akaendelea kusugua.

Nilikuwa nimekumbuka. Sitaki kusema nilikuwa nimesahau, maana huo nao ni uongo. Niliposema nipo njiani nilikuwa nyuma ya kaunta, nina chai ya maziwa na chapati mbili. Nchi nzima tunajibu hivyo. Anayeoga yupo njiani, aliye kitandani yupo njiani, na anayeuliza anajua, naye anajipangia humo humo. Ila mama si mtu wa hivyo, nami namjua. Na baba alilalamikia kifua kila Juni tangu nipate akili. Nikamaliza chai. Akaja mteja wa mabati, tukabishana unene wa bati, nikampimia na misumari, akanitania kuhusu kitambi changu, nikacheka. Nakumbuka nilicheka kwa sauti. Siku nyingi baada ya pale, nikiwa peke yangu garini, nilijitukana matusi niliyomtukania yule wa gundi na mengine niliyokuwa nayo ya akiba.

Saa ilitengemaa. Nilikwenda nayo Kaengesa Jumamosi, haikusimama hata kwenye mashimo. Baada ya misa wanaukoo wakakaa uani, ugali wa ulezi ukaletwa, na shangazi akajisafisha koo. "Leo wifi atuambie," akaanza.

Nikasimama kabla hajaendelea. Nilisema yote, na nilisema kwa kufoka, kana kwamba wao ndio walionikosea. Kwamba mama hakumkalisha mtu. Kwamba niliyechelewa ni mimi, saa nzima na robo, na kama kuna mtu wa kuulizwa kitenge aulizwe yule aliyekuwa anakunywa chai.

"Chai?" shangazi akauliza.

"Chai, shangazi. Na chapati mbili."

Hakuna aliyetia mkono kwenye sahani. Shangazi akamgeukia mama, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Wifi, ulijua?"

Mama alikuwa anapakua mboga. Aliweka upawa ndani ya sufuria, akafuta mikono kwenye khanga. Hakunitazama mimi, alimtazama shangazi.

"Jirani wa pale bondeni alikuja na pikapu yake," akasema. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimekata simu. Alikuwa anapeleka mahindi Chala, anapitia mjini. Tulishamlaza mzee juu ya magunia na blanketi tumemfunika. Nikaona atapigwa na baridi bure huko nyuma, na gari lake mwenyewe linakuja. Nikasema tumshushe." Akachukua tena upawa. "Jirani akauliza asubiri kidogo. Nikamwambia aende tu, asije akachelewa soko."