Herufi Moja Iliyopeleka Posa

Naona aibu hata kusimulia, ila mkinicheka nichekeni taratibu, maana mwenzenu mpaka leo nikipita Malangali natembea nimeinamisha kichwa.

Tuko wanne kwenye kiofisi chetu hapa mtaa wa Malangali, Sumbawanga, tunatengeneza programu ya kuwasaidia wakulima kutafuta mbegu. Ukimaliza kazi unaandika amri tatu: ya kukusanya ulichobadilisha, ya kukiwekea maelezo, na ya kukituma kwenye hifadhi tunayoiona wote. Mimi kwa uvivu wangu (mama anaujua) nikaona amri tatu za nini, nikazifunga zote kwenye herufi moja, t. Nikigonga t, kila kilichomo kwenye folda kinaondoka na maelezo yale yale: "Kazi imekamilika."

Sasa kwenye folda hiyohiyo nilikuwa nimeanza kuchapa barua ya posa, ya kwenda kijijini Kate kwa baba yake Leokadia. Leokadia tunakaa naye meza moja, na wala nilikuwa sijamwambia kitu, nilikuwa najipa moyo tu. Jumatatu asubuhi nikarekebisha kosa dogo kwenye programu, nikagonga t, nikaenda zangu kunywa chai.

Nikaja kukumbuka katikati ya chapati. Nikarudi mbio, nikaifuta barua, nikagonga t tena nikijua nimepona, kumbe hifadhi ile haisahau, ulichofuta inakionyesha chote kwa rangi nyekundu! Saa nne kikaoni Dada Yasinta, bosi wetu, akawasha projekta tupitie mabadiliko, na ukutani ikashuka barua yote, "Mzee wetu, kijana wetu amempenda binti yako, mchapakazi, hodari wa kulima ulezi," na juu yake, "Kazi imekamilika."

"Imekamilika lini tena, mdogo wangu?" Dada Yasinta akauliza, na mwenzetu wa nne akacheka mpaka akashika meza.

Leokadia hakucheka. Alikuwa anaandika kwenye kompyuta yake, nami nikajua nimekwisha, huyu anaomba kuhamishwa meza. Dada Yasinta akafungua ukurasa upya, na chini ya barua tukaona maoni ya Leokadia: "Ulezi sijawahi kulima, usimdanganye baba. Mshenga naye hujamtaja. Rekebisha, utume tena."

Jamani, nilikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo!

Ile t nimeifuta, sirudii tena. Siku hizi naandika amri zote kwa urefu wake, na kila faili nalisoma kabla halijaondoka. Barua nimeichapa upya, haina ulezi, na Jumamosi baba mdogo, ndiye mshenga, anaipeleka Kate ikiwa kwenye bahasha. Leokadia ameipitia mara mbili, akasema sasa itumwe.