Hukumu ya Filamu ya Tatu

Filamu ile ya majambazi, ya tatu na ya mwisho, ilipofika Bunia nilikuwa na sababu mbili za kuiogopa. Ya kwanza ilikuwa kazi yangu. Chumba changu cha video kilikuwa katikati ya mitaa miwili iliyochinjana juzi tu, na sasa watu wake waliketi benchi moja kwa adabu ya wageni. Kwa hiyo hakuna filamu iliyoingia kabla mimi sijaitazama mchana, peke yangu, nione kama ina neno la kuwasha moto. Mimi ndiye niliyetafsiri Kifaransa kwa maikrofoni, basi lawama zingekuwa zangu.

Sababu ya pili ilikuwa ndugu yangu mdogo.

Alirudi silaha zilipowekwa chini, akasema miaka yote ya vita alikuwa akiuza viazi sokoni Kpandroma. Mimi dada yake nilimpa kazi ya kuangalia jenereta, kisha nikaanza kumchunguza. Siku moja nilinunua gunia la viazi, akaliacha wazi juani mpaka vikawa vya kijani. Muuza viazi gani hajui hilo? Nikimtuma upande wa kijiji cha Bule, alipata homa. Na kulikuwa na mama mmoja aliyeuza mandazi mlangoni kwetu. Kila asubuhi ndugu yangu alimbebea makaa bila kuombwa, lakini mandazi yake hakuyala hata akipewa bure. Mume wa mama huyo alikwenda Bule kununua maharage wakati wa vita, hakurudi. Nilimpenda ndugu yangu, na sikumwamini.

Filamu mbili za kwanza zilikuwa zimeutia mji wazimu. Katika ya kwanza jambazi aliuteka mji wa watu kwa kisu. Katika ya pili aliwatoroka askari, na vijana wangu wakampigia makofi kana kwamba ni mjomba wao. Sasa kila benchi lilikuwa na unabii wake. Wengine walisema atanyongwa, wengine walisema atapewa cheo. Kwetu hayo ya cheo hayakumshangaza mtu.

Niliitazama mchana, mlango umefungwa. Hakuna aliyenyongwa. Jambazi amezeeka, amebadili jina, amerudi mji uleule na kufungua kibanda cha kinyozi. Watu wote wanamtambua, hakuna anayesema. Wanaketi, wanainamisha shingo, anawanyoa. Mwishoni anaingia bibi mmoja kizee. Hataki kunyolewa. Anauliza tu, "Mwanangu ulimweka wapi?" Wembe unasimama hewani, filamu inakwisha.

Nilikasirika. Ningekuwa na akili ningeirudisha kaseti ile ilikotoka. Lakini nilitaka kuuona uso wa ndugu yangu swali lile likiulizwa kwa Kiswahili, kwa sauti yangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilichoka kujikuna.

Jumamosi mchana chumba kilifurika. Hata mama wa mandazi aliingia, yeye ambaye kila siku alisema vita aliiona bure, hawezi kuilipia. Alikuwa amesikia kwamba mara hii mwuaji atahukumiwa. Ndugu yangu alisimama mlangoni, karibu na jenereta. Nilitafsiri nikiwa nimeipa skrini ubavu, macho kwake. Bibi kizee alipouliza, nami nikauliza, polepole, nikamtazama. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Nikajiona mjinga, na nikafurahi kuwa mjinga.

Kisha fujo ikaanza. Kwetu filamu ikiisha watu hutoa hukumu: aliyeipenda hubaki ameketi, aliyeichukia husimama. Nikaona kama wamesimama wote.

"Mwisho iko wapi?" kijana mmoja aliniuliza. "Yaya, dada yangu, weye umeikata."

"Sikukata kitu. Njo vile iliisha."

"Basi iko mubaya. Mutu anaua miaka yote, anamalizia kwa kunyoa?"

Walitoka wakinung'unika, mitaa yote miwili, na kwa mara ya kwanza tangu vita niliwaona wakikubaliana jambo. Alibaki mama wa mandazi, ameketi. Nilidhani amechoka.

"Ule muzee alimujibu nini?" aliniuliza.

"Hakujibu, mama. Filme iliishia pale."

"Angejibu nini?"

Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumpoza. Ndugu yangu akasema kutoka mlangoni, "Iko chini ya mikaratusi, mbele ya Bule, kwenye njia inapinda. Siye tulimufukia, mama. Hatukumuacha inje."

Hakuwa akisema habari za filamu. Alisema siye. Siye akina nani? Waliomkuta amekufa, au waliomuua? Miezi yote ile nilikuwa nimetega mtego, na sasa uliponasa sikujua nimenasa nini.

Mama hakulia. Aliuliza, "Alivaa nini?"

"Sweta ya bleu. Mukono moja ilishonwa na uzi nyeupe."

"Ule uzi njo wangu," mama akasema.

Nilifungua kinywa nimwulize ndugu yangu lile swali langu moja. Mama akaninyooshea mkono ninyamaze. Akasogea pembeni ya benchi, akampapasia nafasi kando yake, na ndugu yangu akaja, akaketi, ameinamisha kichwa.

"Anza mwanzo," akamwambia. Kisha akanigeukia, bila ukali wowote. "Weye, mama, utoke kwanza."

Nilitoka, nikaufunga mlango wa chumba changu nikiwa nje. Ndugu yangu nilimbeba mgongoni tangu ana miezi michache, nilimpeleleza tangu arudi, na sikuwa mtu aliyepaswa kuambiwa.