Godoro la Mama Mizani

Asubuhi ya mwisho waliyokunywa chai pamoja, mke hakukaa. Anapiga funda moja, anakwenda mlangoni kuchungulia njia. Anarudi, funda jingine, huyo tena mlangoni. Mumewe akamwambia akae, chai haitakimbia. Akajibu kwamba chai haina magurudumu, wao wanayo.

Wao walikuwa wakaguzi wa pamba.

Wakati wa kupanda serikali ilitangaza bei nzuri. Watu waling'oa mihogo, wakapanda pamba. Siku ya kuuza, bei ikawa nusu. Wengine waliguna, wakauza. Mke huyu akajitwisha mzigo wake, akarudi nao nyumbani. Walimwita Mama Mizani kwa sababu kila msimu alipanda mwenyewe kwanza juu ya mizani ya karani, aone kama haidanganyi. Likaja tangazo: anayeficha pamba atanyang'anywa, na faini juu. Basi akaishona ndani ya godoro, na mbegu zake. Mumewe alilalamika kwamba zinamchoma mbavu. Akaambiwa avumilie, bei ikipanda atalala vizuri.

Mpango ulikuwa mwepesi. Gari likisikika, mke ajilaze pale, augue.

Gari lilisikika jua likiwa limeshachoma. Mama Mizani alikuwa uani anafagia. Akaacha ufagio, akaingia ndani ameshika kifua. Mzee akaona mkewe ameanza mapema.

Wakaguzi walikuwa wawili na dereva. Walipekua ghala, jiko, hata banda la kuku. Chumbani walimkuta mama amejikunyata, jasho linamtiririka. Mkubwa wao, kijana mwenye adabu, akauliza bibi ana nini. Mzee akasema tumbo, kisha akageukia ukuta maana kicheko kilimbana. Kijana akaomba bibi ainuliwe kidogo, atazame godoro.

"Mwanangu, mimi siinuki," akasema mama.

Kijana akaona haya. Akampa pole, akatoka na wenzake.

Mzee akarudi kitandani anacheka, akamwambia mkewe hata yeye nusura adanganyike, sasa aamke, wale wamekwenda. Mama hakuamka. Midomo ilikuwa imepauka kama majivu. Mzee akamshika mkono, ulikuwa wa baridi, ila bado anahema.

Kijijini hapakuwa na gari jingine. Alitoka mbio bila viatu, akilipigia kelele lile alilokuwa akiliombea lipotee. Likasimama. Wakaguzi wakarudi naye.

Mama akakataa kushushwa kitandani. Akasema kama ni kubebwa, abebwe alivyolala. Hawakubishana na mgonjwa. Wakashika pembe nne za godoro, wao watatu na mzee, na mzee akawa anaogopa mambo mawili kwa pamoja: mshono usiachie, na pumzi ile isikatike.

Mshono haukuachia. Pumzi ilikatika kabla ya hospitali.

Neno la mwisho alilisema pale mlangoni, mkaguzi alipotweta na kuuliza mbona godoro hili zito hivi.

"Ni mimi huyo, mwanangu. Nyanyua."